Barua kwa Mwalimu wa Rangi: Alma Thomas hakuanza uzeeni

Toleo lililopita jarida hili lilichapisha picha ya mchoro uitwao Resurrection, kazi ya Alma Thomas wa Washington, na chini yake maelezo mafupi: kwamba mama huyu alikuwa mwalimu, akastaafu mwaka 1960, akaanza kuchora michoro ya dhahania (ile ya rangi na maumbo tu, isiyoiga sura ya vitu), na leo mchoro wake umo Ikulu ya Marekani. Maelezo hayo hayakutoka kwenye kalamu yangu. Barua zilizofuata ni nyingi kiasi kwamba mwezi huu nimeweka kando maswali ya penseli na fremu, namjibu Alma tu. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina ya walioandika nimeyaacha nje kama ilivyo desturi ya safu hii.

*Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa mhasibu, sasa nimestaafu. Tangu nitoke shule sijashika brashi. Niliposoma kwamba Alma Thomas alianza kuchora akikaribia miaka 70 na bado akafika Ikulu, usiku uleule nilimwambia mzee wangu kwamba kesho nanunua rangi. Anacheka mpaka leo. Je, ana haki ya kucheka?*

Marahaba, mama. Rangi nunua, na mzee mwache acheke. Ila ile hadithi usiiegemee, maana ina ufa, na mimi nina ugomvi nayo wa siku nyingi.

Alma Thomas alizaliwa Septemba 1891 mjini Columbus, jimbo la Georgia, kifungua mimba wa mabinti wanne. Baba alikuwa mfanyabiashara, mama mshonaji aliyebuni nguo mwenyewe. Walikuwa watu wa kujiweza, lakini katika Georgia ya wakati ule kujiweza hakukumwokoa mtu mweusi. Columbus haikuwa na sekondari ya kumpokea binti kama Alma, na Septemba 1906 magenge ya Wazungu yaliua watu weusi mitaani Atlanta, ndani ya jimbo hilohilo. Mwaka uliofuata wazazi wakafungasha. Uzeeni Alma alisimulia kwamba walipofika mto Potomac, kabla ya kuingia Washington, watoto waliambiwa wavue viatu wakung'ute mchanga wa Georgia. Baba alinunua nyumba Mtaa wa 15, na Alma aliishi humo hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1978.

Washington nayo ilitenga wanafunzi kwa rangi ya ngozi, ila shule zake za weusi zilikuwa na walimu waliojua kazi. Alma alikuwa hodari wa hisabati na alitamani kuwa msanifu wa majengo. Akaishia ualimu, kama wasichana wengi wenye akili wa zama zake. Alipata cheti mwaka 1913, akafundisha sanaa kwa watoto katika kituo cha huduma za jamii huko Wilmington, Delaware, na mwaka 1921, akikaribia miaka 30, akaingia Chuo Kikuu cha Howard kusoma sayansi kimu, nia yake ikiwa ni kubuni mavazi ya jukwaani. James Herring alikuwa ndiyo kwanza anaanzisha idara ya sanaa pale. Akaona michoro ya mavazi ya huyu mwanafunzi aliyewazidi wenzake umri, akamvuta kwake. Mwaka 1924 Alma akawa mhitimu wa kwanza kabisa wa idara hiyo.

Sasa piga hesabu, wewe uliyezoea vitabu vya hesabu. Kutoka 1924 hadi 1960 ni miaka 36. Karibu yote aliitumia akifundisha Shaw Junior High School, shule moja. Lakini angalia kilichopita pembeni ya kazi hiyo. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamili Columbia, New York, na alichoandikia tasnifu ni vikaragosi vya kamba. Mwaka 1936 alianzisha chama cha kuwapeleka wanafunzi weusi kwenye sanaa, na mwaka 1938 akafungua ukumbi wa maonyesho ndani ya shule, wa kwanza katika shule za umma za jiji lile. Mwaka 1943 Herring na mwenzake Alonzo Aden walipofungua Barnett-Aden Gallery nyumbani kwao, mahali ambapo wachoraji weusi na weupe walitundikwa ukuta mmoja, Alma alikuwa makamu wa rais wake. Baada ya vita alijiunga na kundi la walimu waliokutana kuchora pamoja chini ya mchoraji Lois Mailou Jones. Na kuanzia mwaka 1950, akikaribia miaka 60, mwalimu huyu akarudi kuwa mwanafunzi, jioni na mwisho wa juma, katika American University, akifundishwa na Robert Gates, Joe Summerford na Jacob Kainen. Michoro ya miaka hiyo ipo, imehifadhiwa: mwanzo vyombo na maua mezani, baadaye rangi nzito za mafuta, zenye giza, ambamo meza na chungu vinaanza kupoteza kingo zao.

Huyo ndiye tunaambiwa "alianza" mwaka 1960.

Nimefundisha sanaa, najua hali yake. Unarudi nyumbani jioni vidole vimeganda gundi ya watoto wa watu, kichwani bado unasikia nani kamwagia nani maji, na kitu cha mwisho unachotaka kukiona ni brashi. Anayeshika brashi baada ya siku ya namna hiyo hata mara moja kwa juma, miaka nenda rudi, huyo ni mchoraji hata kama hakuna anayemjua. Alma alipostaafu hakupokea kipaji pamoja na pensheni. Alipokea asubuhi zake.

Kwa hiyo, mama, mumeo ana haki ya kucheka ikiwa unatarajia rangi za Jumatatu zikufikishe Ikulu kabla ya Krismasi. Hana haki ikiwa unataka kujifunza. Tafuta darasa lenye mwalimu atakayekukosoa, hata kama wenzako darasani ni umri wa wajukuu zako. Alma alifanya hivyo akiwa na shahada mbili mkononi.

*Mwalimu, mimi ni fundi wa kupanga vigae. Ile picha niliikuza kwenye simu. Duara ndani ya duara, lakini vipande havilingani, mwanya mmoja mpana, mwingine kama uzi. Mimi nikimpangia mteja hivi, nadaiwa fedha nirudishe. Je, alishindwa kunyoosha au alikusudia?*

Fundi, wewe ndiye msomaji niliyekuwa namtafuta, kwa sababu umetazama mianya. Wengi hutazama rangi wakaishia hapo.

Mwanzo wa michoro hii ni mwaka 1966. James Porter wa Howard alikuwa akimwandalia Alma maonyesho makubwa ya kazi zake za nyuma, na Alma, akiwa na miaka 74, akaona haiwezekani aingie humo na vya zamani tu. Alitaka kitu ambacho hakijafanana na cha mtu mwingine yeyote. Mbele ya dirisha la nyumba yake ulisimama mti wa holly, ule wenye majani mabichi mwaka mzima. Jua likipita kati ya majani, mwanga unakatika vipande vipande, unacheza ukutani na kwenye kioo. Akaanza kutoka hapo: vipande vya rangi, na kati yake uwazi ambao mwanga unapitia.

Sasa jibu lako. Alipanga. Kwenye michoro yake mingi bado unaona mistari ya penseli chini ya rangi, duara au safu alizozichora kwanza kama unavyopiga kamba yako kabla ya kigae cha kwanza. Alifanya majaribio ya rangi za maji kwenye karatasi kabla ya kugusa turubai. Alisoma nadharia za rangi za Johannes Itten, akajua ni buluu ipi ukiiweka kando ya chungwa inaruka na ipi inazama. Halafu, baada ya mpango wote huo, rangi ya akriliki aliiweka kwa mkono mtupu, mguso kwa mguso, bila rula. Jirani zake wa Washington, wale walioitwa Washington Color School, walikuwa na njia nyingine: Gene Davis alinyoosha mistari yake kwa utepe wa kubandika, na Kenneth Noland aliiacha rangi inywe ndani ya kitambaa mpaka huoni mkono ulipita wapi. Kwa Alma mkono unauona kila mahali. Mwanya mpana unatoa mwanga mwingi, mwembamba unabana, na jicho linapotoka kwenye mmoja kwenda mwingine mchoro mzima unatetemeka. Ukiinyoosha yote ilingane, utetemeko unakufa, unabaki na sakafu nzuri ya bafu.

Na ndiyo, mikono ilimuuma. Alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi kwa miaka mingi, na alifanyia kazi nyumbani, jikoni na sebuleni. Baadhi ya watu hueleza kila kitu kwa ugonjwa huo, kana kwamba vidole ndivyo vilivyochora na yeye akatazama. Sikubaliani. Mtu ambaye hawezi tena kunyoosha huficha, hupunguza ukubwa wa turubai, huacha kazi. Mwaka 1976, akiwa na miaka zaidi ya 84, Alma alichora Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music, turubai tatu zilizounganishwa, upana wake karibu meta 4. Upande mmoja nyekundu imejaa mpaka mwanya unakosa pa kukaa, na kadiri unavyosogea vipande vinaachana, nyeupe inaingia, mpaka vinaonekana kurukaruka peke yao. Hapo havifanani hata na vigae. Ni ndoano, kabari, vitu visivyo na jina. Kama hujaona mchoro mwingine wake, tafuta huo. Kwangu ndio mkubwa kuliko yote, na Resurrection, pamoja na sifa zake zote, ni mazoezi ya kuufikia.

*Mwalimu, nasoma historia chuo kikuu na nina hasira. Mwaka 1963 watoto weusi wanaumwa na mbwa wa polisi Birmingham. Mwaka 1968 Martin Luther King anauawa, Washington inawaka. Na huyu bibi, mweusi, anachora maua ya azalea! Huko si kukimbia? Na hao waliompa ukuta hawakumpenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba hawasumbui?*

Mwanangu, hasira yako nzuri, nami sitaizima. Nitakupa tu mambo ya kuitilia ndani.

Tarehe 28 Agosti 1963 Alma Thomas, akiwa na miaka 71, alikuwa katika yale Maandamano ya Washington ya kudai haki za weusi, yeye na rafiki yake mwimbaji wa opera Lillian Evanti. Baadaye aliyachora: watu na mabango yao, rangi zimesongamana, nyuso hazisomeki. Ni miongoni mwa mara chache sana alipochora tukio la namna hiyo. Kwa hiyo hakuwa gizani. Mwaka 1968 moto ulipowaka Mtaa wa 14, yeye alikaa Mtaa wa 15. Moshi ule hakuusoma gazetini.

Akaendelea na maua. Alieleza mwenyewe kwamba kupitia rangi alichagua kuelekea kwenye uzuri na furaha badala ya ukatili wa binadamu kwa binadamu. Unaweza kulisoma tamko hilo kama woga. Mimi nalisoma nikimkumbuka binti aliyekung'uta mchanga wa Georgia, ambaye alijua ukatili ule kwa karibu kuliko wewe na mimi, na ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha watoto weusi kwamba jani la vuli lina rangi nane na wana haki ya kuziona zote. Wakati ule walikuwapo wengi, weupe kwa weusi, walioamini kwamba mchoraji mweusi kazi yake ni kuchora mateso ya weusi. Walio weupe walitaka ushahidi, walio weusi walitaka silaha. Alma alikataa kuwa shahidi na akakataa kuwa fundi wa silaha. Hilo nalo lina gharama, na hakuna aliyemlipia.

Lakini swali lako la pili ndilo kali, na huko una hoja. Mwaka 1972 jumba la sanaa la Whitney la New York lilimpa Alma maonyesho ya peke yake, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupewa nafasi hiyo pale. Alikuwa na miaka 80. Magazeti yaliandika kana kwamba jumba liliamka asubuhi likamgundua. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1969 muungano wa wasanii weusi, Black Emergency Cultural Coalition, ambao Benny Andrews alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ulikuwa ukiyasukuma majumba makubwa ya New York kwa mabango na mazungumzo: onyesheni wasanii weusi, ajirini wataalamu weusi. Mwaka 1971 wasanii kadhaa waliondoa kazi zao katika maonyesho ya pamoja ya Whitney kwa kupinga namna yalivyoandaliwa. Maonyesho ya Alma yalikuja baada ya hayo. Mlango ulisukumwa na wengine, tena wengine ambao sanaa yao na yake hazikufanana hata kidogo. Je, Whitney ilipata unafuu kumpata bibi mwenye maua? Huenda. Lakini usimtoze yeye deni la jumba. Alipohojiwa alikumbusha kwamba alipokuwa mtoto Columbus, kuingia tu makumbusho ilikuwa marufuku kwa mtu kama yeye, sembuse kutundika picha ukutani. Huyo hakusahau alikotoka ili awafurahishe wenyeji wake wapya.

Kama utaandika insha juu ya jambo hili, niletee niisome. Ila usianze na neno "kukimbia". Anza na nani alikuwa amesimama nje ya mlango, uone utakapofika.

*Nimesoma kwamba Alma Thomas alinakili mchoro wa Matisse na Ikulu ikaaibika ikaurudisha. Kweli? Na kwa nini aliuita Watusi?*

Mchoro huo ni Watusi (Hard Edge), wa mwaka 1963. Henri Matisse, mwaka 1953, alitengeneza kwa karatasi zilizopakwa rangi na kukatwa kazi kubwa iitwayo The Snail, ambayo sasa ipo Tate, London. Alma alichukua mpangilio ule, akaugeuza upande, akabadilisha rangi: pale Matisse alipowasha, yeye akapooza kwa buluu. Hakuficha chanzo, na hakuna mtu wa sanaa aliyehitaji upelelezi kukijua. Jina ni la dansi iliyovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya sitini, nayo ikabeba jina la Watutsi wa kwetu huku Maziwa Makuu, kwa ufahamu wa juujuu kama ilivyo kawaida ya madansi.

Mwaka 2009 familia ya Obama iliazima michoro kutoka majumba kadhaa, miwili ikiwa ya Alma: huo kutoka Hirshhorn, na Sky Light wa mwaka 1973. Watu wakapiga kelele mitandaoni kuhusu unakili, Watusi ukarudishwa. Maelezo ya Ikulu yalikuwa kwamba haukukaa vizuri ukutani ulipokusudiwa. Sky Light ulibaki. Na mwaka 2015 Resurrection ukatundikwa katika chumba cha zamani cha kulia chakula, ukawa mchoro wa kwanza wa mwanamke mweusi wa Marekani kuingia katika mkusanyiko wa kudumu wa Ikulu. Aibu ya namna hiyo nami naitaka.

Kuhusu kunakili: mwanafunzi anayejifunza kwa kumfuata bwana wa kazi hajaiba. Kuna swali moja tu la kumuuliza, nalo ni alifanya nini baadaye. Miaka mitatu tu baada ya Watusi alikuwa na mti wake wa holly, na Matisse asingeweza kuichora ile michoro hata angetaka.

*Mwalimu wangu, nina miaka 27, nafundisha sekondari na nachora dhahania usiku. Mshahara mdogo, uchovu mwingi. Nataka niache kazi nichore muda wote. Alma alijuta kuchelewa?*

Kijana, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi angalia Alma alikuwa na nini. Mshahara wa serikali ya jiji, halafu pensheni. Nyumba ya familia isiyodaiwa kodi na mtu. Mdogo wake John Maurice (ni dada, jina lisikuchanganye) aliyeishi naye. Hakuwa na mume wala watoto. Uhuru wake wa kuchora alichotaka ulikaa juu ya vitu hivyo. Hakuna siku aliyolazimika kuuliza azalea zinauzika au la, na ndiyo maana angeweza kuacha rangi za giza zilizokuwa zikisifiwa katika miaka ya hamsini akaanza upya mzee.

Fedha kubwa zilikuja hayupo. Mwaka 2019 mchoro wake A Fantastic Sunset wa mwaka 1970 uliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 2.6. Alikuwa ameshafariki miaka 41. Kwa hiyo ukisikia bei za michoro ya dhahania, uliza kwanza nani kaipokea hundi.

Sikuambii usiache. Nakuambia hesabu miezi mingapi unaweza kuishi bila mshahara, uiandike kwenye karatasi, umwonyeshe mtu asiyekupenda sana. Na kabla ya hapo jaribu kuiba saa moja ya asubuhi kabla ya kengele, si usiku. Usiku wa mwalimu hauna kitu ndani yake. Kuhusu majuto, alipozungumzia maisha yake hakuwa mtu wa kulalamika. Alijisifu kwa wanafunzi wake kama alivyojisifu kwa michoro, na sioni kwa nini tumsahihishe.

*Kwa kifupi*

*Nina miaka 12. Kuna michoro yake ya roketi. Alikuwa mwanaanga?* Hapana, mjukuu wangu, alikuwa mtazamaji wa runinga kama bibi yako. Safari za Apollo zilimshika kwelikweli. Alizaliwa zama za magari ya farasi na akaona watu wakitua mwezini. Alichora Blast Off, The Eclipse, na Starry Night and the Astronauts. Mwaka 1971 chombo Mariner 9 kilifika Mars kikakuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi, kikashindwa kuona chini kwa wiki kadhaa. Wanasayansi walikereka. Alma akachora Mars Dust, wekundu juu na buluu ikichungulia chini yake. Mwombe mwalimu wako akutafutie picha ya huo.

*Hakuolewa kwa nini?* Alilijibu mwenyewe: vijana aliowajua hawakujali sanaa hata chembe, na yeye hakufurahia kitu kingine, akabaki huru. Wasomaji wawili walioniuliza hili kwa sauti ya kumhurumia wasome jibu mara mbili.

*Michoro yake ipo wapi?* Mingi zaidi ipo Smithsonian American Art Museum, Washington, pamoja na ule wa azalea nyekundu. Starry Night and the Astronauts upo Art Institute of Chicago. Mji wa Columbus, ambao mwaka 1907 haukuwa na sekondari ya kumpa, leo makumbusho yake yamehifadhi michoro, karatasi na vikaragosi vyake, sehemu kubwa kutokana na zawadi ya dada yake. Kati ya mwaka 2021 na 2022 makumbusho hayo yalishirikiana na mengine kuzungusha maonyesho makubwa ya maisha yake yote, na vitu vya darasani vilipewa nafasi sawa na turubai.

*Mwalimu, akriliki ikikauka kwenye brashi inatoka?* Kwa maji haitoki. Osha papo hapo. Mengine ya brashi, pamoja na barua zote za fremu zilizorundikana hapa mezani, toleo lijalo.